Kinga, Mwenge, na Neno la Kiingereza "Brand"

Katika mkutano mmoja wa walimu palizuka neno ambalo kwa kulitazama upesi laonekana dogo. Tulikuwa tukitengeneza kitabu cha masomo kwa ajili ya vijana, na mwalimu mmoja, msomaji hodari wa Kiingereza, alitoa shauri kwamba neno "kinga" lililomo katika Zekaria 3:2 liondolewe, na mahali pake liwekwe "mwenge". Hoja zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, vijana wa leo hawakijui kinga. Wakisikia neno hilo huwaza habari za chanjo na maradhi. Ya pili, Biblia ya Kiingereza ina neno "brand", na "brand" maana yake ni kitu kiwakacho, na kitu kiwakacho kilicho mashuhuri kwetu ni mwenge. Wengi waliitikia. Mimi sikuitikia, wala sikuwa na maneno tayari ya kujibu. Tangu siku ile nimelichunguza jambo hili kwa kadiri ya nafasi yangu, nami nayaleta mbele ya wasomaji niliyoyaona, maana nadhani si walimu wale peke yao walio katika hatari ya kukosea hapa. Mimi mwenyewe nilikosea miaka mingi, kama nitakavyoeleza.

Hoja ya kwanza haikosi ukweli. Tunalo "kinga" la ngeli nyingine, yaani kizuio cha hatari au cha ugonjwa, litokanalo na kitendo cha kukinga; nalo siku hizi husikika kila siku hospitalini na redioni. Lakini sarufi yenyewe huyatenga maneno haya mawili. Kizuio husemwa "kinga hii", na wingi wake haubadiliki. Kipande cha ukuni kilichoshika moto husemwa "kinga hiki", na wingi wake ni "vinga". Mtoto asomaye "kinga kilichotolewa" akidhani ni habari za chanjo, kosa lake si la neno bali ni la kutosikiliza "ki". Vivyo hivyo jina jingine la kitu hicho, "kijinga", huchekesha darasa zima, kwa kuwa husikia habari za mtu mpumbavu. Basi wacheke, kisha wafundishwe. Lugha isiyo na maneno mawili ya sauti moja sijaiona, na Kiingereza kinayo mengi kupita chetu.

Hoja ya pili ndiyo yenye hatari, kwa sababu yadai kuwa na elimu. Basi na tulitazame neno lenyewe.

"Brand" ni neno la kale sana katika Kiingereza. Katika lugha ya Waingereza wa zamani lilikuwa na maana ya moto, na ya ukuni uwakao, nalo ni ndugu wa neno lao la kuungua. Washairi wao wa kale waliliita hata upanga kwa jina hilo, huenda kwa sababu chuma kilichonolewa hung'aa kama ulimi wa moto. Na kwa njia ya Kifaransa likazaa neno "brandish", yaani kutikisa upanga hewani. Waholanzi, walio jamaa zao kwa lugha, waliita kileo fulani "mvinyo uliochomwa" kwa kuwa hupikwa na kukusanywa kwa mvuke, na jina hilo likakatwa mkia hata likawa "brandi" tuijuayo. Kitu kipya kabisa waliita "brand-new", kana kwamba kimetoka sasa hivi katika moto wa mhunzi. Shakespeare naye asema "fire-new", ambalo ni wazo lile lile.

Kisha maana ikahama kutoka kwenye ukuni ikaenda kwenye chuma cha moto, na kutoka kwenye chuma ikaenda kwenye alama iachwayo na chuma hicho juu ya mapipa, na ngozi ya ng'ombe, na hata ngozi ya mwanadamu. Ben Jonson, mshairi mashuhuri aliyekuwa rafiki wa Shakespeare, alimwua mchezaji mwenziwe mwaka 1598. Akaokoka kunyongwa kwa sheria ya kale iliyowahurumia wajuao kusoma kama makasisi, lakini alitiwa alama ya chuma cha moto katika kidole gumba, ili asiweze kuidai huruma ile mara ya pili. Sheria hiyo haikufutwa Uingereza mpaka mwaka 1827. Mwisho wa safari yake neno hili limekuwa jina la biashara: alama ya sabuni, ya chai, ya viatu. Mfanyabiashara asemaye leo habari za "brand" yake hakumbuki moto hata kidogo.

Kiswahili hakikuipita njia hiyo. Kwa alama ya namna hii tunasema "chapa", neno lililotujia kutoka Bara Hindi, lenye asili katika kupiga mhuri na wala si katika kuchoma. Ndiyo sababu vitabu vyetu navyo husemwa vimepigwa chapa. Wafasiri wa Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 walipofika Wagalatia 6:17, ambapo Mtume asema anazichukua alama za Yesu mwilini mwake, waliandika "chapa". Neno la Kiyunani lililopo pale ndilo lililotumika kwa alama walizotiwa watumwa. Walichagua vema, ingawa nakiri kwamba mwanafunzi wangu mmoja aliyefanya kazi ya kupiga chapa aliwahi kuniuliza kama Paulo alikuwa ameandikwa maneno.

Tukirudi kwenye ukuni wenyewe, yafaa kuyatazama na maneno mengine ya Kiingereza yaliyo jirani zake, maana ndipo kosa linapoanzia. Liko "torch". Hili si la asili yao, bali lilitoka kwa Wafaransa, nao walilipata katika Kilatini, katika kitendo cha kusokota. Basi "torch" kwanza ni kitu kilichosokotwa: nyuzi au majani yaliyofungwa pamoja na kutiwa mafuta au nta ili yawake. Liko "flambeau", la Kifaransa pia, litokalo katika neno la mwali. Liko "link", jina la kamba za katani zilizotiwa lami, ambazo wavulana wa London walizibeba usiku mbele ya wapita njia, wakilipwa senti chache, kabla ya taa za gesi kuwekwa mitaani. Na mpaka leo katika nyumba chache za kale za mji ule viko vikofia vya chuma mlangoni vilivyotumika kuzimia moto wa namna hiyo. Hayo yote ni vitu vilivyofanywa na mkono wa mtu kwa kusudi la kuangaza. "Torch" la Waingereza sasa limeingia katika betri, nasi tumelipokea tukaliita "tochi". Bali Wamarekani kwa kitu hicho hicho wana jina jingine kabisa.

Basi je, mwenge ni nini? Ni makuti makavu, au nyasi, au vijiti vilivyofungwa pamoja na kuwashwa. Watu wa pwani huutumia mwenge wa makuti maji yakupwapo usiku, wakitafuta samaki katika miamba. Warina asali huufanya wa majani mabichi na makavu pamoja, ili moshi uwalegeze nyuki. Hufungwa, hushikwa, huinuliwa. Hutengenezwa ili uwake, na ukiisha kuwaka kazi yake imekwisha. Huo ndio "torch" hasa, hata kwa asili ya neno.

Kinga si hivyo. Hakuna mtu atengenezaye kinga. Kinga ni ukuni uliokwisha kuingia jikoni, ukashika moto upande mmoja, na upande wa pili bado ni mti. Katika siku ambazo kiberiti kilikuwa kitu cha dukani na cha fedha, mtoto alitumwa kwa jirani kuomba moto, akarudi mbio na kinga mkononi, akikipunga ili kisizimike njiani. Kikisukumwa katikati ya mafiga pamoja na vingine huwaka. Kikivutwa nje peke yake hutoa moshi, hupoa, huwa cheusi. Wazee wetu waliotunga methali "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo" walikuwa wamekaa karibu na jiko. Methali hiyo haiwezi kusemwa kwa mienge, kwa kuwa mwenge mmoja huwaka vizuri peke yake. "Brand" ya Kiingereza cha kale, kabla haijageuka kuwa alama ya sabuni, ni kinga hiki hiki.

Sasa tuje kwenye Maandiko, ndipo tutakapoona nani aliyechanganya. Katika Kiebrania yako maneno mawili yatupasayo hapa. Moja ni "lapidi", mwenge. Ndilo lililomo katika habari za Gideoni aliyeificha mienge ndani ya mitungi, na katika habari za Samsoni na mbweha zake. La pili ni "udi", nalo laonekana mara tatu tu katika Agano la Kale lote: Isaya 7:4, Amosi 4:11, na Zekaria 3:2. Wataalamu husema kwamba huenda asili yake ni kijiti cha kuchochea moto, ambacho kwa kutumika hushika moto chenyewe. Wafasiri wa Kiingereza wa mwaka 1611, ambao sisi sote twawaheshimu, waliliandika "lapidi" la Gideoni kuwa ni taa, na "lapidi" lile lile la Samsoni kuwa ni "firebrands". Kisha wakalitwaa neno hilo hilo "firebrand" wakalitia katika Isaya na Amosi mahali pa "udi". Hivi neno moja la Kiebrania likagawanyika, na maneno mawili yakaunganika. Wafasiri wa Kiswahili hawakuwafuata. Kwa Gideoni waliandika "mienge", kwa Samsoni "vienge", ambalo ni neno la nyumba ile ile; na mahali patatu pa "udi" waliandika "kinga" na "vinga". Kiswahili chetu kimetunza tofauti ambayo Kiingereza kiliipoteza. Basi mtu akisema tukisahihishe Kiswahili kwa Kiingereza mahali hapa, atusahihisha kwa kutumia kioo kilichopasuka.

Nilisema kwamba mimi mwenyewe nilikosea. Mahali pa kosa langu palikuwa Isaya 7:4. Wafalme wawili, Resini wa Shamu na mwana wa Remalia, wamekuja kupigana na Yerusalemu. Moyo wa mfalme Ahazi unatikisika kama miti ya msituni. Na nabii anatumwa kumwambia asiogope mikia hiyo miwili ya vinga vitokavyo moshi. Mimi nilikuwa nimesoma ufafanuzi wa Kiingereza, ukisema "firebrands", na katika Kiingereza cha siku hizi mtu aitwaye "firebrand" ni mtu mkali, mwenye kuwasha ghasia kwa maneno yake. Basi mwaka baada ya mwaka niliwafundisha watu kwamba nabii asema: wafalme hawa ni moto mkali kweli kweli, lakini msiogope hata hivyo, kwa kuwa Mungu ni mkuu kuliko wao. Lilikuwa fundisho lenye kusikika vizuri.

Siku moja, katika darasa la watu wazima, mama mmoja mzee asiyejua kusoma aliinua mkono wake. "Mwalimu," akasema, "niwie radhi. Kinga kikitoa moshi, si kimekwisha?" Nikamwambia, "Eleza, mama." Akasema, "Kinga chenye moto hakina moshi mwingi. Kikiwa mkia tu, na moshi wajaza nyumba, mimi hukitupa nje. Hakipiki kitu tena." Nilinyamaza kidogo, kisha nikafunga kitabu, maana niliona kwamba amenieleza aya ambayo mimi niliifundisha kinyume chake. Nabii hasemi kwamba wafalme wale ni moto mkubwa. Asema ni vipande vilivyobaki, na fujo yao yote ni moshi wa kitu kinachozimika. Faraja ya Ahazi imo katika neno "mikia" na neno "moshi", na neno "firebrand" kwa sikio la leo laifuta faraja hiyo. Mama yule hakuwa na kamusi. Alikuwa na jiko.

Hapa ningependa kuongeza jambo ambalo sijaliona likielezwa. Mwingereza akimtaja mfitini humwita kwa jina la ukuni: yeye ndiye kitu kiwakacho. Sisi kwa mtu huyo huyo twasema "mchochezi", na kuchochea, kama kila mpishi ajuavyo, ni kuvisukuma vinga ndani ili moto ukolee. Kwa hiyo katika picha yetu mchochezi haungui. Amekaa nje ya moto, mkono wake u salama, na wanaoungua ni wale anaowasukuma. Sisemi kwamba picha moja ni ya kweli na nyingine ni ya uongo, maana watu wa namna zote mbili tumewaona. Lakini mwalimu anayefasiri "firebrand" kwa "mchochezi", kama tufanyavyo karibu sote, na ajue kwamba ameihamisha lawama kutoka kwenye ukuni akaiweka katika mkono. Mara nyingi itafaa. Mara nyingine haitafaa, na hasa haitafaa kwa mitume na manabii ambao wao wenyewe waliungua.

Wala tusidhani kwamba kuchanganya kinga na mwenge ni kosa la walimu wa Afrika tu. Katika hadithi za Wayunani wako wanawake wawili. Hekuba, malkia wa Troya, alipokuwa na mimba ya Parisi aliota kwamba amezaa moto, na kijana yule ndiye aliyekuwa sababu ya mji ule kuteketezwa. Althaea naye alipomzaa Meleagro aliambiwa kwamba mtoto ataishi kadiri ukuni fulani uliomo motoni utakavyodumu. Akauchomoa upesi, akauzima, akauficha. Miaka mingi baadaye, mwana huyo alipowaua ndugu za mama yake, alikitoa kinga kile akakirudisha motoni, na kijana akafa. Washairi wa Kirumi walizitenga habari hizi: Virgil, akisema habari za Hekuba, atumia neno la mwenge, Ovid, akisema habari za Althaea, atumia neno la gogo. Lakini katika tamthilia ya Shakespeare ya Henry wa Nne, sehemu ya pili, mtumishi mmoja mdogo asema kwamba Althaea ndiye aliyeota amezaa "firebrand", akichanganya wanawake wawili katika neno moja. Kama mshairi alimkosesha mtumishi yule kwa kusudi la kuchekesha, au yeye mwenyewe alisahau, watu hubishana. Mimi naona kwamba neno lenyewe ndilo lililomtega. Kwa Kiswahili mtego huo haupo: Hekuba aliota mwenge, kwa sababu ulienda kuwasha mji, Althaea alificha kinga.

Sasa narudi kwa Zekaria. Yoshua kuhani mkuu amesimama, na mshitaki yuko mkono wake wa kuume, na inaulizwa kama huyu si kinga kilichotolewa motoni. Aya ifuatayo yasema kwamba alikuwa amevaa nguo chafu sana. Mtu aliyewahi kukishika kinga kilichozimwa hahitaji kuelezwa kwa nini mambo haya mawili yamefuatana: kitu hicho ni masizi matupu. Kimepona, lakini kimepona kikiwa cheusi, nusu kimeliwa, na sifa yake yote ni kwamba mkono fulani ulikifikia kabla hakijaisha. Hivyo ndivyo John Wesley alivyoielewa. Mwaka 1709, akiwa mtoto wa miaka mitano, alitolewa dirishani katika nyumba ya baba yake huko Epworth ilipokuwa ikiteketea, na hata uzeeni alijitaja kwa maneno haya ya Zekaria. Hakutaka kusema kwamba yeye ni taa ya watu. Alitaka kusema kwamba alikuwa karibu kuwa majivu.

Tutie "mwenge" hapa, tutapata nini? Zamani pengine tungepata kosa dogo tu. Lakini neno "mwenge" nalo limesafiri. Mwaka 1959 Julius Nyerere, akisema kwa Kiingereza katika baraza la kutunga sheria la Tanganyika, alitamani kuwasha nuru na kuiweka juu ya mlima Kilimanjaro, imulike hata nje ya mipaka. Na neno alilolitumia kwa Kiingereza lilikuwa la mshumaa. Kwa Kiswahili mshumaa ule ukawa mwenge, na Desemba 1961 Alexander Nyirenda aliupandisha kileleni. Tangu hapo Mwenge wa Uhuru umekuwa ukikimbizwa katika nchi, watu wakiupokea kwa nyimbo na viongozi wakiukabidhiana mkono kwa mkono. Badiliko lile kutoka mshumaa kuwa mwenge lilikuwa zuri, kwa kuwa mshumaa juu ya mlima wenye upepo haungefika mbali hata kwa mawazo. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana wa Tanzania asikiapo "mwenge" husikia heshima, na ushindi, na gwaride. Mwambie kwamba Yoshua ni mwenge uliotolewa motoni: ataona shujaa ainuliwaye, naye atashangaa nguo chafu zimetoka wapi. Tena atauliza, na ni haki yake kuuliza, kwa nini mwenge utolewe motoni, hali kazi yake ni kuwaka.

Kwa hiyo nimemwandikia mwenyekiti wa mkutano ule, nikiomba neno "kinga" libaki. Kwa ajili ya vijana wasiolijua, nimetoa shauri kwamba chini ya ukurasa yaongezwe maneno machache, nami nayaandika hapa ili wenzangu wayapime na kuyasahihisha: "Kinga (wingi vinga): kipande cha ukuni kilichoungua upande mmoja. Kikiwa motoni pamoja na vingine huwaka. Kikitolewa hutoa moshi na kuzimika, na hubaki cheusi. Si kinga ya maradhi, wala si mwenge." Na kama mwalimu anaishi mahali ambapo bado wapika kwa kuni, asiyasome hata hayo. Na amtume mtoto mmoja jikoni akalete kimoja, kiwekwe juu ya bati mbele ya darasa, kisha asome aya ya pili na ya tatu pamoja huku moshi ukipungua.